Kutoka Mtwara hadi Nandete: mawe ya vita vya Kusini

Njia hii inaanzia Mtwara mjini na kuishia kwenye vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa. Inapita kwenye alama za vita vya nyakati nne: mapambano ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, Maji Maji ya 1905 hadi 1907, Vita Kuu ya Kwanza ilipohamia huku 1916 na 1917, na askari wetu waliokufa Msumbiji miaka ya 1980. Baadhi ya alama ziko katikati ya miji midogo, watu wanazipita kila siku wakienda sokoni. Nyingine ni lazima uulize.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Masika yakishika, barabara za lami hazina shida, ila njia ya kupanda Umatumbi hugeuka utelezi na pikipiki hugoma.

Kazi ni kukagua alama hizo, kuzipima na kuandika hali yake, na begi la kazi hiyo si zito. Chukua futi kamba ya mita 5 kwa mnara na ya mita 30 kwa uwanja, daftari lenye jalada gumu, penseli (wino hukimbia ukiguswa na jasho), tochi yenye mwanga mkali, kioo cha kunyolea, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, chupa mbili za maji safi na kanga ya kukinga jua. Simu inatosha kwa picha na kwa kuhifadhi mahali ulipo kwenye ramani. Brashi ya waya, msasa, sabuni ya unga na maji ya betri yabaki nyumbani. Maandishi mengi ya zamani yameuawa na vitu hivyo, mvua inasingiziwa tu.

Jumatatu: Mtwara mjini na Naliendele

Mtwara ni mji wa juzi. Kabla ya mradi wa karanga wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, mji wa ghuba hizi ulikuwa Mikindani. Mtwara ilijengwa kwa ajili ya bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo usitafute kaburi la Mjerumani katikati ya mji. Anzia Viwanja vya Mashujaa, palepale mikutano ya hadhara inapofanyika.

Kabla ya kutoa futi kamba, inafaa kujua mnara wa mashujaa unatumikaje, kwa sababu matumizi ndiyo yanayoamua unavyochakaa. Siku ya Mashujaa ni Julai 25. Mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa sita usiku kuamkia siku hiyo. Katika sherehe ya kitaifa, rais huweka mkuki na ngao, mkuu wa majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mzee aliyewakilisha wapigania uhuru huweka shoka. Mikoani mambo ni yaleyale kwa kiwango kidogo: gwaride, dua za madhehebu yote, silaha za jadi chini ya mnara.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo ndizo mbaya kuliko zote kwa mnara wowote wa nchi hii. Fundi huitwa haraka, nyufa huzibwa kwa saruji tupu, kisha hupigwa rangi ya mafuta ili ung'ae mbele ya mgeni rasmi. Ukikagua mnara mwezi huo unakagua rangi. Nenda Juni, au zunguka nyuma na uiname kwenye kitako, mahali brashi haikufika. Tafuta ukingo uliomeguka: matabaka ya rangi yanahesabika pale kwa macho, na ukikuta manne au matano juu ya lipu iliyovimba, ujue ndani kuna maji yaliyokosa pa kutokea. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Lipu iliyoshika hutoa sauti kavu na fupi, iliyoachana na ukuta huvuma. Chora umbo la mnara kwenye daftari na utie kivuli sehemu zinazovuma. Mchoro huo una faida kuliko picha ishirini.

Kwa minara ya zege, cha kuangalia ni nondo. Karibu na bahari zege inatakiwa ifunike nondo kwa angalau sentimita 4 hadi 5. Mafundi wengi huacha 2, chumvi ikapenya, nondo ikashika kutu, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana ufa hunyooka kufuata nondo, na pembeni yake kuna mchirizi wa rangi ya chungwa. Kuziba ufa huo juu juu ni kupoteza saruji. Inabidi kubomoa hadi chuma kionekane pande zote, kukisugua, kukipaka kinga, ndipo ujaze upya.

Mchana, Naliendele, kwa barabara ya Newala. Wakulima wa korosho wanapajua kwa kituo cha utafiti, lakini pia pana makaburi ya mashujaa wa JWTZ waliokufa Msumbiji, wakati Tanzania ilipoisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya waasi wa RENAMO. Ni eneo la jeshi. Huingii kwa bodaboda na kamera shingoni. Omba kibali mapema, nenda na kitambulisho, na usipige picha mpaka uambiwe ni wapi unaruhusiwa. Ukinyimwa, shukuru na uondoke. Familia za waliozikwa pale bado zipo, baba na mama wengine wako hai, kwa hiyo hili si kaburi la kupanda juu ya kingo ili upate picha nzuri.

Jumanne: Mikindani

Daladala kutoka Mtwara hazikawii, ni kama kilomita 10 tu. Shuka ufukweni, anza na boma lililo juu ya mji. Lilijengwa na Wajerumani 1895, likatumiwa na Waingereza baada yao, likachakaa, kisha shirika la hisani la Trade Aid kutoka Uingereza likalifufua na kuligeuza hoteli. Watu hubisha kama hoteli ni matumizi ya heshima kwa ngome ya mkoloni. Kwa mtazamo wa ukuta jibu ni jepesi: jengo lenye watu ndani lina mtu wa kuziba bati siku ya mvua ya kwanza.

Katikati ya mji kuna nyumba yenye kibao kinachomtaja David Livingstone. Alitua ghuba hii Machi 1866 na kuanzia hapa safari yake ya mwisho, akielekea Ruvuma. Nakili maneno ya kibao kama yalivyo, mstari kwa mstari, na kosa la herufi likiwepo uliache. Kibao ni ushahidi wa aliyekiandika na wakati wake. Ukisahihisha wakati wa kunakili umeharibu ushahidi.

Mikindani ndiyo shule ya kuta. Nyumba za kale hapa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na dari ni boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina vinyweleo vingi, hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia lipu ya chokaa. Mradi njia hiyo iko wazi, ukuta hukaa. Chuchumaa mbele ya ukuta wowote uliopigwa saruji miaka ya karibuni, mahali lipu ilipodondoka, usawa wa goti. Utaona unga mweupe umeota juu ya jiwe. Gusa kidogo kwa kidole: jiwe lenyewe linamomonyoka, punje zinabaki kiganjani, na ukilamba ncha ya kidole ni chumvi. Saruji ilifunga mlango, maji yakatafuta pa kutokea, chumvi ikaganda ndani ya vinyweleo na kulipasua jiwe kutoka ndani. Ngozi ya saruji inabaki imesimama nzima, nyuma yake hamna kitu.

Mtu wa halmashauri au wa msikiti akiuliza lipu sahihi ni ipi, mwambie hivi. Chokaa iliyolowekwa na kukaa majini wiki kadhaa, kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga utoke mtoni au shimoni, usitoke ufukweni, kwa kuwa wa ufukweni unaongeza chumvi ileile unayoikimbia. Ukuta ulowanishwe kabla. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, na la pili lisubiri la kwanza likaze. Kisha magunia mabichi yatundikwe mbele yake, yanyunyiziwe asubuhi na jioni kwa siku saba hivi. Kinachoshinda mafundi ni hiki cha mwisho. Wamezoea saruji, leo unapiga kesho unapaka rangi, nayo chokaa hukazwa na hewa taratibu. Jua la saa nane likiipata kavu hupasuka nyufa ndogondogo na lawama hupewa chokaa. Mwisho, rangi iwe chokaa nyepesi, mikono mitano au sita, kila mmoja mwembamba juu ya ukuta ulioloweshwa. Mkono mmoja mzito utabanduka wote kwa mvua moja.

Mizizi ya mkuyu ikiwa imeingia ukutani, usiing'oe. Kata shina, acha mizizi ife na ikauke ndani, ndipo uitoe kipande kipande. Anayeivuta mbichi hutoka nayo pamoja na nusu ya ukuta.

Jumatano: Mnazi Mmoja, Mahiwa, Nyangao

Panda gari la Masasi lipitalo Mnazi Mmoja, pale njia zinapogawana, moja kwenda Lindi na nyingine kupanda kufuata bonde la Lukuledi. Baada ya Mtama unaingia uwanja wa mapigano makubwa ya Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu, na usipojulishwa hutaona kitu. Mikorosho, mihogo, barabara, makanisa.

Waingereza walikuwa wameingia bandari za Kilwa, Mikindani na Lindi Septemba 1916. Mwaka uliofuata kikosi chao kikubwa kilisukuma kutoka Lindi kwenda ndani, na katikati ya Oktoba 1917 kikakutana na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hapa Mahiwa. Walipigana siku nne. Brigedi ya Nigeria ilizingirwa. Von Lettow alikuwa na watu kama 1,500, dhidi ya Waingereza karibu 4,900, nao Waingereza walipoteza wapatao 2,700, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea kwa pamoja. Wajerumani walipoteza kama 500, lakini hao hawakuwa na wa kuwaziba, na risasi zilikuwa zinaisha. Novemba 25 walikuwa wanavuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno. Neno "Waingereza" na "Wajerumani" hapa lisikudanganye: wengi wa waliolala chini kwenye bonde hili walikuwa Wanigeria, Wahindi na Waafrika wa mashariki, pande zote mbili.

Mbona basi hakuna makaburi yaliyopangwa kwa safu kama ya Dar es Salaam? Kwa sababu mengi yako huko Dar es Salaam. Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam yalianzishwa 1968, yale ya zamani ya Ocean Road yalipopisha barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikahamishia pale makaburi mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi ambako utunzaji haukuwa na uhakika. Anayetafuta jina la askari aliyekufa upande huu aanze na orodha za tume hiyo, ndipo apoteze nauli ya kuja Nyangao.

Na wapagazi je? Jeshi bila barabara lilikula, lilijitibu na lilipiga mizinga kwa mabega ya wapagazi, na waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa waliwazidi sana waliokufa kwa risasi. Hawana kaburi moja moja popote kwenye njia hii. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja kwa ujumla wao, kwa Kiswahili pia, bila jina hata moja. Hilo liandike kwenye daftari kama unavyoandika ufa: pengo nalo ni sehemu ya hali ya kumbukumbu.

Mambo ya vitendo kwa Mahiwa na Nyangao. La kwanza, ofisi ya kijiji kabla ya shamba. Mgeni mwenye futi kamba na simu inayoonesha ramani huku huhesabiwa moja kwa moja kuwa anatafuta mali ya Mjerumani. Uvumi wa rupia na dhahabu zilizofukiwa umebomoa alama nyingi Kusini kuliko risasi zilizopigwa: usiku mtu huchimba chini ya jiwe, jiwe huinama, mvua huja huingia shimoni, jiwe huanguka. Ukikuta udongo mpya kwenye kitako cha alama, piga picha shimo lenyewe lenye futi kamba pembeni na mjulishe mwenyekiti wa kijiji. Pendekeza lijazwe kwa udongo uliotoka humohumo, ukishindiliwa tabaka kwa tabaka la sentimita 15. Zege ikimwagwa chini ya jiwe lililoinama hulifunga limeinama milele.

La pili, ganda la risasi au chuma cha bomu kikitokea jembeni, usikiokote, usikigonge, wala usikilete mjini kuonesha. Miaka mia na ushee haipozi baruti. Weka alama ya mti, rudi nyuma kwa njia uliyoijia, toa taarifa polisi.

Nyangao ina kumbukumbu ya vita vya kabla ya hapo. Misheni ya Wabenediktini ya hapa ilichomwa Agosti 1905 Maji Maji yalipofika Lukuledi. Kwenye makaburi ya misheni omba ruhusa parokiani, na uende asubuhi: jua likiwa chini, herufi zilizofifia hujitokeza zenyewe. Saa sita mchana jiwe lilelile ni tupu. Ukichelewa, tumia kivuli na tochi. Mwenzako ashike kanga kukinga jua, wewe ulaze tochi ubavuni mwa jiwe, kama sentimita 30 kutoka ukingoni, mwanga upite juu juu kama unafagia. Piga picha nne, mwanga ukitoka kushoto, kulia, juu na chini. Herufi iliyokosekana kwenye moja itaonekana kwenye nyingine. Usijaze herufi kwa chaki wala unga. Unga huota kuvu, chaki huingia kwenye vinyweleo, na ukikosea kusoma R ukaichora B, anayekuja baada yako atasoma B.

Alhamisi: Lindi mjini

Siku fupi. Mji uliteremka pamoja na reli ya karanga na bado una kuta za Wajerumani zilizoachwa wazi karibu na maji. Kumbukumbu kubwa ya vita ya Lindi haina jiwe: ni mkondo wa Lukuledi wenyewe. Oktoba 1914 meli ya Kijerumani Präsident ilikutwa imejificha humo, ikijifanya meli ya hospitali, na karatasi zilizokutwa ndani ndizo zilizowaonesha Waingereza kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji, kwa manowari Königsberg. Simama gatini asubuhi maji yakiwa yamejaa, utaelewa mara moja jinsi meli nzima inavyoweza kupotea kwenye kona za mikoko.

Kwa kuta zilizoachwa wazi Lindi, pima unene (ukuta wa tumbawe wa nyakati hizo mara nyingi huwa kati ya sentimita 40 na 60), andika upande unaotazama bahari, na uangalie vichwa vya kuta. Paa likiondoka, maji huingia kutokea juu, na ukuta usio na kofia ya chokaa hufa kwa haraka zaidi kuliko uliopigwa upepo ubavuni. Usiingie chini ya kizingiti cha mlango chenye boriti iliyooza. Penseli ikizama kwenye boriti, rudi nyuma.

Nachingwea, iliyokuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na Tendaguru kwenye mifupa ya dinosaria ziko mkoani humu, ila kila moja inataka safari yake.

Ijumaa na Jumamosi: Kilwa Kivinje

Panda basi la Dar es Salaam, shuka Nangurukuru, chukua bajaji. Wageni wengi hupitiliza hadi Kilwa Masoko ili wavuke kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyo katika orodha ya UNESCO tangu 1981. Wanapoteza. Kama ni vita na kumbukumbu zake, hakuna mji mdogo wa pwani yetu unaoshinda Kivinje, na vyote viko kwa miguu.

Anza mbele ya boma la Wajerumani, linalotazama bahari. Karibu nalo kuna nguzo ndogo ya kumbukumbu ya Wajerumani wawili, Krieger na Hessel, maofisa wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyojipa pwani. Waliuawa hapa Septemba 1888, watu wa pwani na wa bara walipowaka dhidi ya kampuni hiyo. Kutoka hapo uliza Mwembe Kinyonga. Kila mtoto anapajua. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani nyuma ya Kilwa, alinyongwa mwaka 1895 pamoja na wenzake, na wenyeji husimulia kwamba waliofuata wakati wa Maji Maji walinyongwa papo hapo.

Alama hizo mbili zisomwe pamoja, siku hiyohiyo. Moja iliwekwa na walioshinda kwa ajili ya watu wao wawili, nyingine ni ya walioshindwa, iliyopata heshima nchi ilipokuwa yetu. Kwenye fomu ya ukaguzi zipewe ukurasa unaolingana. Andika kwa kila moja: nani aliiweka kama imeandikwa, lugha ya maandishi, inaelekea wapi kwa dira, vipimo vya kitako na kimo, jiwe au saruji, hali ya kila upande kwa herufi K, S, M, Mg (kaskazini, kusini, mashariki, magharibi). Kimo cha nguzo usikipande kukipima. Simamisha mti wenye urefu unaoujua pembeni, piga picha kutoka mbali simu ikiwa wima sawasawa, kokotoa kwa uwiano. Kosa litakuwa sentimita chache tu.

Mizinga ya chuma ya zamani ya mji wa bahari kama huu ina ugonjwa wake. Chuma kilichokunywa chumvi hutoa magamba, na chini ya gamba mna matone ya maji ya rangi ya kahawia hata wakati wa kiangazi. Ukigonga gamba ili usafishe, linatoka na uso wote wa mzinga, alama za kiwandani zikiwemo. Mafuta machafu ya gari, ambayo watu hupaka kwa nia njema, yanafunga chumvi ndani. Linalowezekana bila maabara ni kuuinua mzinga usilale kwenye udongo, uegemee vibao viwili vya mbao ngumu, na kuuinamisha mdomo kidogo ili maji yasitulie tumboni. Hayo mawili peke yake huongeza miaka mingi.

Jumamosi iache kwa nyumba. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya utumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na utajiri huo ndio ulioinua maghorofa yaliyobaki kwenye mitaa ya ufukweni. Mengi yanaporomoka kwa mpangilio uleule: bati au makuti yanatoka, boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani, sakafu ya juu inaanguka, kuta ndefu zinabaki bila cha kuzishika na kufunguka kwa nje. Weka timazi (uzi wenye kitu kizito nchani) kwenye kona. Ukuta ukiwa umetoka nje zaidi ya theluthi moja ya unene wake, jengo hilo si la kuingia tena, hata kwa picha.

Hapa ndipo inapofaa kujua sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Boma la Mjerumani, nguzo ya 1888 na Mwembe Kinyonga vyote ni vya baada ya mstari huo, kwa hiyo ulinzi wake unategemea kutangazwa rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Watu wengi, pamoja na maofisa, hudhani kila cha Mjerumani kimelindwa tayari. Kabla hujamshutumu mtu kwa kubomoa, uliza kama tangazo lipo. Na kama halipo, barua ya kuliomba iambatanishwe na hivyo vipimo na picha ulizokusanya. Kwa barua isiyo na vipimo watakujibu ulete vipimo.

Jumapili: Nandete na Kibata

Ondoka Kivinje alfajiri. Kutoka barabara kuu unaingia Njia Nne kuelekea Kipatimu, kisha bodaboda. Kubaliana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja kabla ya kupanda; bei ya kurudi ikisubiri jioni huwa nyingine. Beba maji ya kutosha na betri ya akiba.

Nandete ndipo pamba iling'olewa Julai 1905. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela ndio wanaotajwa kwamba waling'oa miche ya kwanza, kama tangazo la vita kwa akida, wakala wa Wajerumani, na kwa serikali iliyowalazimisha watu kulima shamba la pamoja. Dawa ya maji ilikuwa imeshatoka Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, na yeye akanyongwa Mohoro Agosti 4, vita ikiwa ndiyo kwanza inaenea. Hesabu ya Wajerumani ya waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wa baadaye walikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa iliyofuata mashamba kuchomwa. Mnara wa Nandete ni wa watu hao.

Mnara wa kijijini kama huu usiupime kabla ya kukaa na wazee. Majina ambayo hayako kwenye jiwe yako kwao, na yaandikwe na jina la baba na ukoo, kwa matamshi ya Kimatumbi, ukiwasomea tena mpaka waseme ndiyo. Rekodi sauti kwa ruhusa. Uliza pia nani hufyeka nyasi, kwa kuwa moto wa Agosti na Septemba ukipita kwenye majani marefu yaliyogusa kitako, lipu hupasuka kwa joto. Mita 2 za ardhi safi kuzunguka mnara zinatosha, na panga moja kwa nusu siku linafanya kazi hiyo.

Kibata iko kwenye vilima hivihivi. Desemba 1916 Wajerumani walileta mizinga juu hapa, mmoja wao wa milimita 105 uliotolewa kwenye Königsberg, ukivutwa na watu kupanda miteremko hii, na Kikosi cha Gold Coast (Ghana ya leo), cha upande wa Waingereza, kiliumia vibaya kwenye kilima kimoja. Mtu mzima aliyekuwa na miaka 20 pamba ilipong'olewa alikuwa na 31 mizinga hiyo ilipokuja. Andamana na mwenyeji anayejua njia. Mahandaki yaliyobaki ni mabonde ya kina cha goti yaliyojaa majani, na huwezi kuyatofautisha na mtaro wa maji mpaka uyaone yanavyopinda kona kwa makusudi. Yapime urefu, upana na kina, usiyachimbe.

Nakala ya daftari ziwe tatu: moja ofisi ya kijiji, moja kwa afisa utamaduni wa wilaya, Masoko, na moja ubaki nayo. Picha zihifadhiwe na jina la mahali, upande na tarehe ndani ya jina la faili, kwa mfano Nandete-kitako-K-Julai. Halmashauri ya kijiji ipewe na karatasi moja ya ziada, kipimo cha chokaa na mchanga kikiwa kimeandikwa juu kabisa, ili fundi wa Julai ijayo aikute kabla hajafungua mfuko wa saruji.